Damu ya Mtoto wa Jirani: Kanisa na Mauaji ya Mitaani Mathare

Katika makanisa mengi matangazo ya Jumapili huwa ya ndoa, ya mikutano na ya michango ya ujenzi. Kwetu Mathare kuna tangazo jingine tulilolizoea mno, nalo ni mchango wa mazishi ya kijana. Mara nyingi hatutaji alivyokufa. Tunasema ametutoka ghafla, tunapitisha kikapu, na akina mama wanapanga zamu za kulala matangani. Mgeni akiuliza sababu huvutwa kando na kunong'onezewa kwamba alipigwa risasi, au kwamba umati ulimchoma kwa tairi. Kisha hufuata swali ambalo sisi wenyewe huliuliza: "Kwani alikuwa mwizi?"

Tunaandika kuhusu swali hilo kwa sababu majibu yake yametuongoza kwa miaka mingi, na yametuongoza vibaya. Jibu likiwa "ndiyo", huzuni yetu hupungua. Tunazika haraka na kurudi kazini. Ili kuelewa tulivyofika hapo, hatuna budi kukumbuka bonde hili limepitia nini.

Mathare iko kilomita chache tu kutoka katikati ya Nairobi, kati ya Barabara ya Juja na Barabara ya Thika. Mawe ya kujengea mji yalichimbwa hapa. Wakati wa ukoloni, Mwafrika aliyeishi mjini bila kazi iliyotambuliwa alikuwa kama mhalifu, na wengi wa aina hiyo walijenga vibanda vyao bondeni. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, bonde lilishukiwa kuwaficha wapiganaji wa Mau Mau, na vibanda vikabomolewa. Tarehe 24 Aprili 1954 serikali ilianza Operesheni Anvil. Wanajeshi na polisi waliuzingira mji, na maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakakamatwa, wakachujwa na kupelekwa vizuizini.

Wazee husimulia namna uchujaji wa wakati huo ulivyofanywa. Watu walipangwa mstari mbele ya mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Alipotikisa kichwa, aliyesimama mbele yake aliondolewa. Hakuulizwa neno wala hakujibu neno. Tunalitaja jambo hili kwa sababu lilikuwa somo la mapema kwa bonde letu, kwamba mtu anaweza kuhukumiwa kwa ishara ya kichwa. Gunia lilitoka, tabia ikabaki.

Baada ya Uhuru watu walirudi na wengine wakaja. Wanawake wengi wasiokuwa na shamba wala mume walipika busaa, na baadaye chang'aa, ili watoto wale na wasome. Pombe hiyo ilikuwa haramu kwa miaka mingi. Sheria iliyoruhusu chang'aa kutengenezwa kwa masharti ilipitishwa mwaka 2010. Kwa hiyo vizazi vya watoto wetu walikua wakimjua askari kama mtu anayekuja usiku, anayemwaga mapipa na anayeondoka na chochote. Hawakumjua kama mtu wa kukimbilia.

Mtu asipokuwa na wa kumkimbilia, hutafuta mlinzi mwingine. Katika miaka ya 1990, kazi zilipopungua na idadi ya watu ikaongezeka, magenge yaliingia kwenye nafasi hiyo. Mungiki lilitoza ada kwenye matatu, maji, umeme na hata chang'aa. Kundi jingine lililojiita Taliban lilijitokeza kupambana nalo. Tarehe 3 Machi 2002, katika mtaa wa jirani wa Kariobangi, watu zaidi ya 20 waliuawa usiku mmoja, wengi kwa mapanga. Serikali ilipiga marufuku magenge hayo, lakini Novemba 2006 makundi hayo mawili yalipigana Mathare yenyewe na maelfu wakahama na magodoro yao. Juni 2007, baada ya askari polisi kuuawa, msako mkubwa uliingia bondeni, na watu zaidi ya 20 wakauawa kwa muda mfupi. Miezi sita baadaye, uchaguzi wa Desemba 2007 uliwasha nchi. Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133. Mathare jirani walichomeana nyumba, na wengine wao walikuwa wamekula meza moja ya Bwana.

Kanisa lilikuwa wapi? Tungependa kusema tulisimama imara. Ukweli ni kwamba tulifanya mema mengi: tulipika uji wa wakimbizi, tulihifadhi watoto, tuliomba. Lakini pia tulikuwa na maombi ambayo tunaona haya kuyarudia. Tuliomba wezi "waondolewe". Tulimshukuru Mungu kimoyomoyo kila habari ilipofika kwamba mmoja wao amemalizwa. Jioni moja tulitoka ibadani tukamkuta kijana amezingirwa na umati, tairi tayari shingoni. Wengi wetu tulipita upande wa pili wa barabara tukiwa na vitabu vya nyimbo mkononi. Tulikuwa tumehubiri mara ngapi kuhusu Msamaria Mwema?

Hatusemi wezi si tatizo. Wako kati yetu wajane ambao waume zao waliuawa kwa ajili ya simu. Wako walioporwa mshahara wa mwezi mzima wakishuka matatu saa kumi na moja alfajiri. Askari nao wameuawa, na mama zao hulia kama mama zetu. Hasira yetu ilikuwa ya haki. Tulikosea tulipoamua kwamba hasira hiyo inatuondolea amri ya sita.

Mambo mawili yalitufungua macho. Mnamo 30 Septemba 2012 guruneti lilirushwa kwenye kanisa la Kianglikana la Mtakatifu Polikarpo, Barabara ya Juja, watoto wakiwa kwenye shule ya Jumapili. Mtoto mmoja alikufa na wengine wakajeruhiwa. Siku hiyo hiyo umati uliwavamia Wasomali wa Eastleigh, watu ambao hawakuwa wamerusha chochote. Tuliona ile ishara ya kichwa ya mwaka 1954 ikirudi: huyu anafanana nao, basi ni yeye.

Jambo la pili lilitokea mwishoni mwa Machi 2017. Vijana wawili waliuawa kwa risasi mchana hapo hapo Eastleigh, mmoja akiwa amelala chini, na video ikaenea kwenye simu zetu. Wakenya wengi walipongeza. Baadhi yetu tulipongeza pia, na tuliisambaza video ile kwenye makundi ya kwaya. Mwaka huo huo Kituo cha Haki za Kijamii cha Mathare kilitoa ripoti iliyoorodhesha visa 803 vya watu waliouawa na polisi nchini kati ya 2013 na 2016. Kabla ya hapo, mwaka 2009, Philip Alston, mjumbe wa Umoja wa Mataifa, alikuwa ameeleza kwamba mauaji ya aina hiyo Kenya ni ya kawaida na wahusika hawaadhibiwi. Taarifa hazikukosekana. Sisi hatukutaka kusikia, mpaka orodha ilipokuwa na majina ya watoto tuliowabatiza.

Waliotufundisha zaidi ni akina mama wa waliouawa, walioanza kukutana, kuandika majina na kufuata kesi. Wengine wao hawakuja kanisani tena, kwa kuwa walichoka kuulizwa lile swali. Mmoja alimwambia mchungaji wetu: "Mchungaji, sikatai kijana wangu aliiba. Nauliza, ni nani alimpa yule mtu ruhusa ya kuwa hakimu?" Mchungaji hakuwa na jibu, na alikuwa mwungwana wa kutosha kunyamaza.

Baadaye tulisoma pamoja nao habari za Rispa, katika 2 Samweli 21. Wanawe wawili walitolewa wauawe kulipa kosa la baba yao. Rispa alitandika gunia juu ya mwamba akakaa na miili, akifukuza ndege mchana na wanyama usiku, tangu mavuno hadi mvua iliponyesha. Hakuwa na jeshi wala wakili, lakini habari zake zilimfikia Mfalme Daudi, na mifupa ikazikwa kwa heshima. Biblia haituambii wanawe walikuwa watu wa tabia gani. Tulikuwa tumeisoma sura hiyo mara nyingi bila kugundua kwamba Rispa naye hakuulizwa.

Tangu hapo tumebadilisha mambo machache. Tangazo la mazishi sasa linataja jina kamili la marehemu na namna alivyokufa, bila kunong'ona. Wazee wawili wa kanisa huenda na familia mochari na kituoni, kwa sababu mama akienda peke yake huzungushwa. Tumekubaliana kwamba mshirika akiona umati umemzingira mtu, hapiti. Anasimama, anapiga simu, anaita wengine, na ikiwezekana tunamtoa mtu huyo akiwa hai akabidhiwe sheria. Si mara zote tumefaulu. Mara moja tumechelewa, na mara nyingine tumeitwa wafuasi wa wezi na waliotuita hivyo ni washirika wenzetu, waliokwisha kuibiwa mara mbili au tatu. Hatuwalaumu. Tunakaa nao pia.

Mauaji hayajakoma Mathare, wala hatuwezi kuandika kwamba maombi yetu yameyamaliza. Lakini Jumapili tangazo linaposomwa, kanisa husimama na jina huitikiwa na wote. Na yule mama aliyemuuliza mchungaji swali amerudi. Huketi safu ya tatu, karibu na mlango.