Mageuzi ya TANESCO
Mageuzi ya TANESCO ni mfululizo wa hatua za kulipitia na kulipanga upya Shirika la Umeme Tanzania, linalomilikiwa na serikali. Sera ya nishati ya 1992 ilifungua mlango kwa wazalishaji binafsi, na mwaka 1997 shirika likaingizwa katika orodha ya mashirika ya kubinafsishwa.

Sura iliyozua ubishi mkubwa ilianza 2002, pale menejimenti ilipokabidhiwa kampuni ya NETGroup Solutions ya Afrika Kusini. Wafanyakazi walipinga, na mameneja wapya waliingia ofisini chini ya ulinzi wa polisi. Makusanyo yalipanda, kwani hata taasisi za serikali zenye madeni sugu zilikatiwa umeme, jambo ambalo mameneja wazawa wangelithubutu kwa shida. Ila kukusanya fedha si kuzalisha umeme: ukame wa 2006 ulileta mgawo mkali, na mkataba wa umeme wa dharura na kampuni ya Richmond ukazua kashfa iliyoishia kwa Waziri Mkuu Edward Lowassa kujiuzulu Februari 2008. Mkataba wa NETGroup ulikoma 2006. Ubinafsishaji ulikuwa umeshaachwa.

Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) ilianza kazi 2006, na Sheria ya Umeme ikapitishwa 2008. Mkakati wa 2014 ulikusudia kutenganisha uzalishaji, usafirishaji na usambazaji kwa awamu hadi 2025. Badala yake serikali iliwekeza katika bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, lililoanza kuzalisha 2024 likiwa mali ya umma.