Joto Ndani ya Kabati: Amplifaya ya Nyumbani na Mahali Pake

Historia ya amplifaya ya nyumbani, yaani chombo kinachopokea umeme hafifu wa sauti kutoka kwenye redio au santuri na kuukuza hadi uweze kuisukuma spika, kwa kawaida huandikwa kama historia ya kutafuta sauti safi. Upande wake mwingine, ambao haujapewa uzito unaostahili, ni historia ya joto, kwa kuwa sehemu kubwa ya umeme unaoingia katika chombo hicho haiifikii spika kamwe, bali hubaki ndani ya sanduku na kulipasha. Na kwa sababu amplifaya ilikusudiwa kukaa sebuleni, mahali ambapo watu hupenda kuona samani na si mitambo, kila kizazi cha watengenezaji kimelazimika kupatanisha kabati linalotaka kufungwa na hewa inayotaka kupita. Katika mvutano huo, transista, ambayo husifiwa kuwa ndiyo iliyomaliza tatizo, kwa kweli ililifanya kuwa gumu zaidi kulitambua.

Chanzo cha mambo yote ni valvu, chupa ya kioo iliyoondolewa hewa, ambayo John Ambrose Fleming aliibuni mwaka 1904 na ambayo Lee de Forest aliiongezea kiungo cha tatu miaka michache baadaye, ikapata uwezo wa kukuza mawimbi ya umeme. Valvu haifanyi kazi mpaka waya wake wa ndani uwake na kupasha moto kiungo kinachotoa elektroni, hivyo joto kwake si hasara inayoandamana na kazi, bali ni sharti la kazi yenyewe. Watengenezaji wa redio za mbao na za bakelaiti, plastiki ngumu ya kwanza kuenea majumbani, walilijua hilo, na ndiyo maana mgongo wa redio za miaka ya 1930 ulikuwa kipande cha kadibodi ngumu kilichotobolewa matundu mengi, chini na juu, ili hewa baridi iingie kwa chini na ile iliyopata moto ipande na kutoka. Redio kama hiyo ikisukumwa hadi igusane na ukuta, matundu yote huwa hayana faida.

Marekani ilipata somo kali zaidi katika muongo huohuo. Ili kupunguza bei, watengenezaji waliacha transfoma, kifaa kizito kinachobadilisha volti za umeme wa nyumba, na badala yake katika baadhi ya redio wakatumia waya maalumu wa kuchomeka ukutani, ambao ndani yake ulipitishwa uzi wa kuzuia umeme ili volti zilizozidi ziishie njiani kwa kugeuka joto. Waya mzima ulikuwa na vuguvugu muda wote redio ilipokuwa ikiimba. Mwenye nyumba aliyeufupisha alivuruga hesabu ya volti, na aliyeuviringisha nyuma ya pazia alilikusanya joto mahali pamoja, na ndiyo sababu redio hizo zikapewa jina la mzaha la viunguza mapazia. Chombo chenyewe kiliweza kuwa kizima kabisa, lakini namna kilivyowekwa ikakifanya kuwa hatari.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, amplifaya ilitoka ndani ya redio na kuwa chombo kinachojitegemea. Mwaka 1947 D. T. N. Williamson alichapisha katika jarida la Uingereza la Wireless World mchoro wa amplifaya ya wati 15 yenye valvu za KT66, na wapenzi wa muziki katika nchi nyingi wakaijenga kwa mikono yao, mara nyingi juu ya bati lililo wazi ambalo halikuwa na kifuniko chochote. Mwaka uliofuata zikaja santuri za kuzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, zilizobeba muziki mrefu kwa sauti iliyo safi kuliko zile za zamani, na watu wasio mafundi nao wakaanza kutaka chombo cha namna hiyo nyumbani. Kwao bati wazi lenye volti mia kadhaa na vioo vinavyounguza vidole halikufaa, ilhali kulifungia bati hilo ndani ya kabati la mbao kulikuwa sawa na kulioka.

Jibu lililo bora kuliko yote ya zama hizo lilitoka kwa Peter Walker, mwanzilishi wa kampuni ya Acoustical iliyokuwa katika mji wa Huntingdon, na thamani yake huonekana vizuri zaidi pale tarakimu zinapowekwa mezani. Amplifaya yake ya Quad II, iliyotoka mwaka 1953, ilitoa wati 15 za umeme wa sauti. Kila KT66 kati ya mbili zilizokuwamo ilihitaji takriban wati 8 kwa ajili ya kuwasha waya wake tu, na valvu ya tatu, iliyokuwa ikigeuza umeme wa nyumba kuwa mkondo wa upande mmoja, ilihitaji takriban wati 10 nyingine, kwa hiyo takriban wati 26 zilikuwa zimekwisha kuwa joto kabla ya santuri kuguswa na sindano, na hapo bado haujahesabiwa umeme uliopita katika valvu zenyewe. Walker hakujaribu kulificha joto hilo. Alikigawa chombo sehemu mbili: kisanduku chembamba cha vitufe vya kuongozea sauti, ambacho kiliweza kupachikwa kwenye uso wa kabati kwa kuwa hakikupata moto sana, na mtambo mzito wa nguvu, uliounganishwa nacho kwa waya, ambao ungeweza kukaa chini kabisa ya kabati, nyuma yake, au popote penye nafasi na hewa. Mkono wa msikilizaji na macho ya wageni vikabaki mbele, joto likapewa mahali pake nyuma. Mgawanyo huo haukuishia kwenye uzuri wa samani. Ulikiri kwamba chumba kina sehemu zinazofaa joto na sehemu zisizolifaa, na kwamba ni kazi ya mtengenezaji kumpa mwenye nyumba uwezo wa kuchagua.

Santuri za stirio, zenye sauti ya mikondo miwili ya kushoto na kulia, zilipoenea kuanzia mwaka 1958, kila nyumba ilihitaji amplifaya mbili pale palipokuwa na moja, na joto likaongezeka maradufu ilhali kabati lilibaki lilelile. Dynaco ya Marekani iliziweka zote mbili juu ya bati moja katika Stereo 70 ya mwaka 1959, iliyofunikwa kwa kizimba cha chuma chenye matundu kila upande. Kizimba hicho kiliwazuia watoto wasiguse valvu bila kuizuia hewa, na huo ni ufundi wa kupongezwa. Ikumbukwe pia kwamba valvu yenyewe huvumilia moto, maana kioo chake hupita nyuzijoto 100 bila madhara. Wanaoumia ni majirani zake, hasa kapasita za elektroliti, yaani mikebe midogo ya kuhifadhi umeme yenye kimiminika ndani, ambazo kwa kanuni inayokubalika miongoni mwa wahandisi maisha yake hupungua kwa takriban nusu kila joto lipandapo kwa nyuzijoto 10. Amplifaya iliyobanwa ndani ya kabati haifi siku hiyo, huzeeka upesi.

Transista, iliyozaliwa katika maabara ya Bell mwishoni mwa mwaka huohuo wa 1947, haikuhitaji kuwashwa moto wowote, na hapo ndipo wengi walipodhani kwamba joto limekwisha. Kilichokuwa kimekwisha ni mwanga wake. Transista za kwanza za nguvu zilitengenezwa kwa germaniamu, madini ambayo hushindwa kazi kati ya nyuzijoto 75 na 100, na zilikuwa na tabia mbaya zaidi: zilivyozidi kupata moto ndivyo zilivyozidi kupitisha umeme, na umeme huo ukazidi kuzipasha moto, mpaka zikaungua zenyewe kwa zenyewe bila ya mtu kuziongezea sauti. Silikoni, iliyochukua nafasi ya germaniamu katika miaka ya 1960, huvumilia nyuzijoto 150 na zaidi, lakini nayo haina mng'aro wa kumwonya mtu. Valvu ilikuwa kifaa kinachovumilia joto kilichowekwa ndani ya nyumba isiyolivumilia. Transista ikawa kifaa kisichovumilia joto kilichowekwa ndani ya sanduku dogo.

Kwa sababu hiyo amplifaya za transista zilipewa mapezi ya aluminiamu, yaani mabati membamba yaliyopangwa sambamba ili kuongeza eneo linalogusana na hewa. Mapezi hayo yana kanuni moja ambayo wenye nyumba wengi hawakuelezwa: lazima yasimame wima na yawe na uwazi chini na juu yake, kwa kuwa hewa iliyopata moto hupanda katikati yake na kuvuta hewa baridi kutoka chini. Chombo kikilazwa ubavu ili kienee kwenye rafu, mapezi hulala nacho na mkondo huo hukatika. Mwishoni mwa miaka ya 1970 yakaja makabati yenye mlango wa kioo, ambamo chombo cha kusikilizia redio, deki ya kaseti na amplifaya vilipangwa kimoja juu ya kingine kwa ajili ya kupendeza. Amplifaya ilistahili kukaa juu kabisa, pasipo kitu cha kuizuia, lakini kwa kuwa ndiyo nzito zaidi, wengi waliiweka chini, ikawa jiko la vingine vyote.

Wapo waliolikaribisha joto kwa hiari. John Linsley Hood alichapisha mwaka 1969 mchoro wa amplifaya ya wati 10 ya daraja A, mtindo ambao transista hupitisha umeme kamili wakati wote, uwe muziki upo au haupo, na kila upande wake ulikula zaidi ya wati 30 hata katika ukimya. Sauti yake ilipendwa mno na bado inapendwa, ila anayeitaka hana budi kuipa meza yake peke yake. Walker alikwenda njia ya pili: Quad 405 ya mwaka 1975 ilikuwa na amplifaya ndogo makini iliyozirekebisha transista kubwa, ambazo zililala bila kupitisha umeme mpaka muziki uzihitaji. Uso mzima wa mbele wa chombo hicho ulikuwa mapezi meusi yaliyosimama wima. Alama ya joto ikarudishwa mbele ya macho ya mwenye nyumba, jambo ambalo watengenezaji wachache wamethubutu kulifanya tangu hapo.

Kanuni za kimataifa za usalama wa vyombo vya sauti, zilizotokana na Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, IEC, zilikuja kuwataka watengenezaji waandike katika vitabu vya maelekezo kwamba matundu ya hewa yasifunikwe kwa gazeti, kitambaa cha meza wala pazia, na kwamba mishumaa na vyombo vya maua visiwekwe juu yake. Katika nyumba za Afrika Mashariki onyo hilo linagusa desturi yenye heshima, kwa kuwa redio, runinga na amplifaya huvishwa vitambaa vya kufuma ili kuvikinga na vumbi, na mara nyingine picha ya familia huwekwa juu ya kitambaa. Vumbi ni adui wa kweli, maana hufunika mapezi na kuyanyima hewa. Kwa hiyo kitambaa kinafaa sana chombo kikiwa kimezimwa, na kinapaswa kuondolewa kabla ya kukiwasha. Kanuni hizohizo zilitofautisha pia nchi za joto, ambako chombo kiliruhusiwa kupanda nyuzijoto 10 pungufu, kwa sababu hewa ya chumba chenyewe huweza kufika 45. Mtu wa Mombasa au Dar es Salaam anapofuata nafasi iliyoandikwa kitabuni, aihesabu kuwa ndiyo ndogo kabisa, kisha aiongeze.

Sinema za nyumbani, zilizoenea na diski za DVD kuanzia mwaka 1997, ziliweka amplifaya tano au saba ndani ya boksi moja lililochomekwa chini ya runinga, na feni ndogo zikawa jambo la kawaida. Feni husaidia pale tu inapoitoa hewa nje ya kabati. Inayoizungusha ndani huchelewesha tatizo kwa dakika chache. Nafuu kubwa imeletwa na daraja D, ambamo transista hufunguka na kufunga kabisa mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, hivyo takriban asilimia 90 ya umeme huifikia spika. Clive Sinclair alijaribu kuiuza mwaka 1964, wakati transista hazikuwa na kasi ya kutosha. Miongo mitatu na zaidi ikapita kabla ya mtindo huo kukomaa. Kapasita zake, hata hivyo, bado zinahesabiwa kwa kanuni ileile ya nyuzijoto 10.

Sabufa nyingi zinazopatikana leo katika masoko ya Afrika Mashariki hazijafika huko. Amplifaya yake, mara nyingi ya mtindo wa zamani wenye kupoteza joto, imefungwa ndani ya sanduku la mbao pamoja na transfoma, na njia kuu ya joto kutoka ni kibati kilichopo mgongoni, upande ambao takriban kila mtu huusukuma hadi ukutani. Nafasi ya kiganja kati ya kibati hicho na ukuta ndiyo inayoamua kama sabufa itaimba mwaka mmoja au miaka kadhaa.