Nusu Inchi Iliyopandisha Mzigo Mlimani: Stori ya Landrova, Klachi na Mazinde

Wadau, mkipita Mazinde kwenye basi la Arusha au Moshi huwa mnaangalia nini? Simu, najua. Siku nyingine inua kichwa utazame upande wa milima. Ule ukuta wa Usambara umewasumbua watu wenye mzigo kwa miaka mingi kuliko umri wa babu yako, na stori yake inaishia kwenye kidude ambacho wengi tunakikanyaga bila kukijua: klachi.

Tuanze zamani kidogo. Karne ya 19, watawala wa Kilindi walikaa juu mlimani, Vugha. Mmoja wao, Semboja, akaona huko juu hakuna dili, akaweka makao yake Mazinde, tambarare, kwa sababu ndiko misafara ilikopita. Pembe za ndovu, nguo, bunduki, na tusifiche, watumwa pia. Hata alipopata nguvu ya kuitawala Vugha, alimpa ufalme mwanawe, yeye akabaki bondeni. Jamaa alijua pesa iko barabarani. Mzigo wenyewe ulibebwa na watu, na kupanda mlima ilikuwa shughuli ya miguu na shingo.

Wajerumani wakaja na akili yao. Reli ya Tanga ilifika Mombo kabla ya Moshi, ambako ilifika 1911. Ila treni haipandi ule ukuta. Kwa hiyo Mkumbara, jirani na Mazinde, wakatundika njia ya kamba za chuma ya karibu kilomita 9 mpaka juu Shume, kushusha magogo ya mierezi. Fikiria, gogo linaning'inia angani juu ya korongo! Kwa magari, njia ya uhakika ikawa barabara ya Mombo kwenda Lushoto kupitia Soni, kilomita 33 hivi, kona juu ya kona, unapanda karibu mita 1,000.

Sasa ingiza Landrova. Ilizinduliwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, na huku kwetu ikawa gari la serikali, la misheni, la daktari, baadaye la muuza viazi. Mjomba wangu wa Mazinde alikuwa nayo 109, ile ndefu, Series IIA ya dizeli. Imetengenezwa kubeba karibu tani moja. Yeye alikuwa anapakia magunia 14 ya viazi kutoka Lukozi, na juu ya magunia wanakaa mama zetu na kuku wao. Kwenda alipanda na saruji. Hesabu unaijua mwenyewe.

Klachi inafanyaje kazi? Kuna pleti imebanwa kati ya flaiwili ya injini na presha pleti. Ukikanyaga pedeli, inaachiwa. Ukiachia pedeli, inabanwa na nguvu inaenda kwenye giaboksi. Mzigo ukizidi uwezo wa kubana, pleti inateleza: injini inalia, gari haliendi, na harufu ya kuungua unaisikia mpaka viti vya nyuma. Zile Landrova za mwanzo zilikuwa na pleti ya inchi 9 na springi za mviringo kadhaa. Kadiri pleti inavyolika, springi zile zinalegea, zinabana kidogo zaidi kila mwezi.

Siku moja juu ya Soni, klachi ya mjomba ikagoma kwenye kona. Gari likaanza kurudi nyuma. Handbreki ya mjomba ilikuwa ya imani tu. Utingo aliruka na gogo, akalisukuma chini ya tairi la nyuma, likashika. Korongo lilikuwa hatua chache. Shangazi yangu alikuwa juu ya magunia, na mpaka leo akisimulia anashika kifua.

Ndipo fundi mmoja wa Mombo akamwambia: "Mjomba, tuweke ya inchi tisa na nusu." Series III, zilizotoka 1971, zilikuja na klachi ya ukubwa huo yenye springi moja bapa kama sahani. Ikibana, inabana vizuri hata pleti ikilika, na pedeli ni laini. Nusu inchi inaonekana mchezo, lakini msuguano unakaa mbali zaidi na katikati, kwa hiyo inashika nguvu zaidi. Kazi yenyewe sio ya mchezo: unatoa viti, unatoa sakafu, giaboksi inapitia ndani ya kibini, na flaiwili inaweza kuhitaji kubadilishwa. Siku mbili uwanjani, vumbi na chai ya rangi.

Gari likapanda kama mbuzi. Mjomba akaongeza magunia mawili. (Wanaume!) Baada ya wiki chache ekseli ya nyuma ikakatika, kwa sababu zamani klachi ndiyo ilikuwa inateleza na kuzinusuru ekseli bila mtu kujua. Hapa ndipo wanaofunga injini ya 300Tdi kwenye 109 ya zamani wanapoumia. Dizeli ya zamani ilitoa msokoto wa karibu Nm 140, ile ni 265. Klachi ngumu ni lazima, sawa, lakini nguvu yote inahamia nyuma.

Mjomba akarudi magunia 10, abiria wakae ndani, na pale mlima unapoanza anasimama, anaweka "lo", ndipo anaondoka. Hakulalia klachi tena. Ile pleti ilidumu miaka.

Oktoba 2024 nilikuwa Arusha kwenye tamasha la Landrova, magari yanang'aa, vijana wanapiga selfi. Nikamtumia mjomba picha kama 20 WhatsApp. Akanirudishia voisi ya sekunde nne: "Nzuri mwanangu. Zimebeba nini?"