Ganzi, Kidonda na Mbwa Asiye na Jina

Msomaji, usicheke. Najua katika mitaa yetu mbwa hujulikana kwa jiwe kuliko kwa jina, na mtu akisema anaandika historia ya kidonda cha mbwa, washikaji watauliza kama ameishiwa mada. Basi nakuuliza: unamfahamu mama yeyote aliyepasuliwa kujifungua huku yuko macho, baada ya kuchomwa sindano mgongoni? Mama huyo ana deni New York, kwa mbwa mmoja wa mwaka 1885.

Hadithi inaanza na kokeini. Ndiyo, hiyo hiyo. Mwaka 1884, huko Vienna, kijana daktari Carl Koller aliitia matone machoni mwa chura, kisha wanyama wengine, kisha machoni mwake mwenyewe, akajigusa jicho kwa kichwa cha pini asisikie kitu. Mwezi wa Septemba habari zake zikasomwa mkutanoni Heidelberg, tena zikasomwa na mtu mwingine, kwa kuwa Koller hakuwa na nauli. (Waandishi wenzangu mnaotuma miswada kwa mkono wa rafiki, mpo?)

Mwaka uliofuata James Leonard Corning akamdunga mbwa mchanga kokeini mgongoni, katikati ya mifupa ya uti. Dakika chache, miguu ya nyuma ikalegea. Ya mbele bado ikasimama. Baadaye mbwa akarudi katika hali yake. Kipimo cha dawa kiliandikwa. Jina la mbwa halikuandikwa. Mwaka 1898 August Bier, kule Kiel, akaifanya sindano ya mgongo kuwa njia ya kupasulia watu.

Katika mji huo huo wa Corning, William Halsted na wenzake walikuwa wakijidunga wenyewe ili kujua neva ipi hulaza sehemu ipi. Wakafaulu. Wakanaswa pia. Makala ya Halsted ya Septemba 1885 kuhusu kokeini ni fujo tupu, sentensi inaanza haijui inakoenda, na kila mwandishi chipukizi angefaa kuiona ajue maandishi ya mtu aliyelewa dawa yanafananaje. Mwaka 1886 alilazwa hospitali. Alipotoka alikwenda Baltimore, na pale, akiwa bado anapambana na kiu ile, akawafanyia mbwa upasuaji wa matumbo. Kwa mbwa hao alionyesha ni tabaka lipi la utumbo linaloshika uzi, akachapisha mwaka 1887. Yule yule aliyevunjwa na ganzi akaja kuwa mwalimu mkuu wa kushika nyama ya mgonjwa kwa upole: usibane ovyo, usivute, usiache damu ituame.

Sasa kidonda chenyewe. Kidonda hupona kwa damu. Damu huleta hewa, huleta askari wa kupigana na vijidudu, huleta chakula cha zile chembe zinazofuma nyama mpya. Mwaka 1904 Alfred Einhorn wa Ujerumani alitengeneza prokaini, isiyo na ulevi wa kokeini, lakini damu iliizoa upesi na ganzi ikaisha mapema. Heinrich Braun akaichanganya na adrenalini, ambayo Jokichi Takamine aliitenga mwaka 1901. Mishipa ikabanwa, ganzi ikadumu, meza ikawa kavu. Raha kwa mpasuaji! Lakini mishipa ikifunguka tena, pale palipoonekana pakavu huweza kuvuja chini ya mshono, na damu iliyotuama ni shamba la vijidudu. Ndiyo maana madaktari wa mifugo walifundishwa kuiogopa adrenalini kwenye ncha ya mkia au ya sikio, ambako damu haina njia nyingine ya kufika. Kwa vidole vya binadamu, uchunguzi wa miaka ya 2000 ulionyesha hofu kama hiyo ilikuzwa mno.

Kuna ushahidi mwingine dhidi ya ganzi. Katika vyombo vya maabara, lignokaini (iliyobuniwa Sweden mwaka 1943) na bupivakaini (mwaka 1957) zikiwa kali huua zile chembe zinazofuma. Sawa. Ila katika chombo hakuna damu ya kuizimua dawa. Na dawa hizo hizo hudhoofisha baadhi ya vijidudu.

Nalisema hili kwa hasira kidogo. Mtaani kwetu nimeona mbwa akishonwa paja kwa kamba mdomoni na wanaume wanne juu yake. Ganzi hakuna. Nikauliza, nikaambiwa ati ganzi huozesha kidonda. Siku ya tatu nyuzi zote zilikuwa zimeng'olewa kwa meno, usaha unatiririka. Je, hapo ganzi ipi iliozesha? Mnyama mwenye maumivu hulamba, hutafuna, hajitulizi. Upasuaji mrefu, vyombo vichafu, mkono mzito: hao ndio washitakiwa wa kwanza. Chupa ya dawa hulaumiwa haraka kwa kuwa haijitetei.

Si kwamba chupa haina kosa. Mbwa wa kilo 5 hapaswi kupita kama miligramu 10 za bupivakaini, yaani mililita 2 tu za ile ya asilimia 0.5, ukizidisha, moyo ndio utakaokujibu kabla ya kidonda. Na mwaka 2016 Marekani iliidhinisha Nocita, bupivakaini iliyofungwa ndani ya vitone vidogo vya mafuta, ya kulaza goti la mbwa aliyepasuliwa kwa muda wa hadi saa 72. Karatasi yake inakiri wazi: mbwa wachache waliojaribiwa walitoa majimaji kwenye mshono, wengine wakavimba na kuwa wekundu. Mwenye mbwa huambiwa pia amfunge asirukeruke, maana mbwa asiyesikia maumivu hudhani goti limeshapona.