Magamba ya samaki na vazi la vita la Waroma

TCHOMIA – Kila asubuhi kandokando ya Ziwa Albert, mama wauza samaki huparua magamba kutoka mkiani kwenda kichwani. Kisu kikitoka kichwani, kinateleza tu.

Mafundi wa Roma ya kale walitumia siri hiyohiyo. Wabeba bendera na askari wa farasi walivaa shati la vita liitwalo lorica squamata. Squama kwa Kilatini ni gamba. Vipande vidogo vya chuma, au vya shaba iliyochanganywa na bati, vilitobolewa na kuunganishwa kwa waya ubavuni. Kisha safu zilishonwa juu ya kitani au ngozi, ya juu ikifunika mshono wa ile ya chini. Ndani, askari alivaa nguo nene ya kupunguza kishindo.

Upanga ulioshuka kutoka juu uliteleza. Lakini mkuki uliotoka chini uliweza kuinua gamba na kumwua mwenye vazi. Tangu karne ya 2, mafundi wengine walifunga kila kipande pande zote nne. Mwanya ukazibika, ila vazi likawa gumu kupinda.

Samaki wa Tchomia hana fundi wa kumzibia mwanya: mama anajua kisu kianzie wapi.