Uhifadhi Kinga: Istilahi ya Picha Yenye Sahihi

Nyarugusu, wilayani Kasulu, ni mahali ambapo neno hifadhi husikika kila siku. Kambi ya wakimbizi ya hapo ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliovuka Ziwa Tanganyika wakikimbia vita vya Kivu Kusini; mwaka 2015 wakaja Warundi kwa makumi ya maelfu. Waliomba hifadhi, na anayesubiri kupewa huitwa mwomba hifadhi. Neno hilohilo nataka kulitumia leo kwa jambo ambalo wengi wangeliona dogo: picha yenye sahihi, na namna ya kuifikisha miaka hamsini mbele ikiwa bado inasomeka.

Tuchukue picha moja ya namna hiyo. Ni ya rangi, inaenea kiganjani, imepigwa studio. Majirani wawili wamesimama mbele ya pazia lenye maua. Chini, upande wa kulia, mmoja ameandika jina lake kwa peni ya bluu, tarehe, na neno ukumbusho. Aliyeandika amekwisha kuondoka. Tangu 2015 familia nyingi za Kikongo zimehamishwa kutoka kambi hii kwenda kuishi Marekani. Aliyebaki amebaki na picha. Negatifu ikiwepo, picha inaweza kusafishwa tena hata mara kumi. Sahihi haina negatifu. Mkono ulipita pale mara moja tu, na wino ukipotea umepotea.

Kazi ya kuizuia hasara kama hiyo isitokee ina jina katika taaluma ya makumbusho na nyaraka. Waingereza huiita preventive conservation. Mwaka 2008, katika mkutano wake wa New Delhi, Kamati ya Uhifadhi ya Baraza la Kimataifa la Makumbusho, ICOM, ilipitisha istilahi tatu ili wataalamu wasiendelee kupishana kwa maneno. Ya kwanza ni hiyo. Ya pili ni kazi ya kusimamisha uharibifu ambao umekwisha kuanza. Ya tatu ni ile ya kukirudishia kitu sura iliyofifia ili kieleweke tena. Kwa Kiswahili napendekeza tuseme uhifadhi kinga, uhifadhi tiba na ukarabati.

Kwa nini uhifadhi, na si utunzaji? Utunzaji ni neno zuri, na maofisini tumezoea kusema utunzaji wa kumbukumbu. Lakini tunatunza mtoto, mgonjwa na bustani: ni kazi ya mikono ya kila siku, ya kugusagusa, na picha yenye sahihi haitaki kuguswaguswa. Ulinzi nao unatupeleka kwa mwizi na lindo. Hifadhi, yenye asili ya Kiarabu, inabeba maana pana zaidi. Aliyeiweka Qur'ani yote moyoni tunasema ameihifadhi. Mbuga ambamo mnyama haruhusiwi kuwindwa ni hifadhi. Kote humo kuna kitu kilichowekwa mahali ambapo madhara hayakifikii, nacho kikabaki kama kilivyo.

Na kwa nini kinga, na si kuzuia? Uhifadhi wa kuzuia unamwacha msomaji akiuliza, kuzuia nini? Kinga inajitosheleza, na kila mtu anajua kuwa kinga ni bora kuliko tiba. Muundo wa majina mawili yaliyoandamana si mgeni pia. Tunao katika tiba asili na tiba lishe.

Ubora wa istilahi hii unaonekana tukiiangalia picha yenyewe kwa karibu. Karatasi ya picha za rangi za kawaida imefunikwa poliethilini pande zote mbili, na upande wa sura una tabaka jembamba la jelatini lenye rangi. Jelatini ikipata unyevu huvimba na kunata. Ikikauka hugandamana na chochote kilichoilalia, kiwe kioo cha fremu au picha nyingine. Wino wa peni nao haunywewi na karatasi hiyo kama unavyonywewa na daftari. Unakaa juu juu. Ndiyo maana picha mbili zikilaliana, jina la mmoja huweza kuhamia usoni kwa mwingine.

Maadui wengine tunawaleta wenyewe kwa nia njema. Mfuko wa plastiki laini ya PVC, ile yenye harufu kali na inayonata vidoleni, hutoa polepole vilainishi vinavyoulegeza wino. Albamu za kurasa zenye gundi huishika picha isitoke tena. Karatasi ya gazeti ina lignini, hutoa asidi na kuacha njano. Laminesheni, ambayo tunaipenda kwa vyeti, huyeyushia gundi ya moto juu ya sahihi, na kuibandua bila kuondoka na wino haiwezekani. Hata neno letu la studio linaweza kutuponza: kusafisha picha ni kuichapa kutoka kwenye filamu, si kuipangusa. Kitambaa chenye maji kikipita juu ya jina, hata mtaalamu wa uhifadhi tiba hatakuwa na la kufanya.

Makumbusho makubwa huhifadhi picha penye unyevu wa asilimia 30 hadi 50, na vifungashio hupimwa kwa kiwango cha ISO 18916: siku 15 kwenye joto la nyuzi 70 na unyevu wa asilimia 86, kuona kama vitaidhuru picha. Nyumba ya tofali mbichi haina mitambo hiyo, ila kanuni yake inatekelezeka. Andika kwanza majina na tarehe juu ya bahasha ya karatasi nyeupe, wino ukauke, kisha ndipo uingize picha, moja kwa kila bahasha. Zikusanye ndani ya mfuko wa poliethilini, halafu kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Fanya hivyo kiangazi, mchana mkavu wa Julai, kwa sababu hewa utakayoifungia ndani ndiyo itakayokaa na picha masika yote. Ndoo isikae sakafuni kwenye mchwa na maji, wala karibu na jiko. Ukitaka kuitazama kila siku, piga nakala kwa simu, nakala ndiyo ikae ukutani kwenye mwanga.

Katika yote hayo, picha yenyewe hatukuipaka wala kuifuta kitu. Ndivyo wanavyosema pia wale wa New Delhi: uhifadhi kinga hufanya kazi kwenye mazingira ya kitu, wala haubadili mwili wake. Mkimbizi anayepewa hifadhi hatakiwi kugeuzwa mtu mwingine. Hupewa mahali ambapo risasi haifiki, jina lake likabaki lake. Picha ya yule jirani aliyeondoka inaomba jambo hilohilo, nasi tunalo neno lake tayari.