Seti ya Kenya

Nyumbani kwetu Makanyagio, Mpanda, kuna kaunta buku moja ambayo mama hakuitupa kwa sababu alidhani ni ya shule. Ndani hakuna shule hata kidogo. Kuna majedwali ya kuseti magari ya kwenye gemu, yaliyoandikwa kwa kalamu ya bluu na vijana wanne waliokuwa wakichanga shilingi mia mia wapate kucheza kwenye kibanda cha pleisteshini. Tuliandika kwa lazima. Umeme wa mji wetu miaka ile ulikuwa wa majenereta ya dizeli na ulikatika bila kuaga. Memori kadi ya kibanda nayo ilikuwa ya wateja wote, yaani ilikuwa ya yule aliyewahi asubuhi na kufuta alichokikuta. Kilichobaki salama ni karatasi.

Gemu yenyewe ilikuwa Colin McRae Rally 2.0. Duniani ilitoka mwaka 2000, kwetu ilifika kama miaka mitano baadaye, kwenye CD iliyochomwa na kuandikwa jina kwa maka peni. Ilikuwa na nchi nane: Finland, Ugiriki, Ufaransa, Sweden, Australia, Italia, Uingereza na, aisee, Kenya. Kwa watoto wa mkoa ambao wakati ule ulikuwa bado sehemu ya Rukwa (Katavi ilizaliwa 2012), kuiona Afrika Mashariki ndani ya televisheni ya nchi 14 lilikuwa jambo la kukusanya watu mlangoni.

Ukurasa wa Ufaransa unasomeka hivi: chini kabisa, springi ngumu, matairi ya lami. Wa Finland: gia ndefu. Wa Kenya umeandikwa kwa herufi kubwa, kwa mkono wangu: JUU KABISA, LAINI, BREKI NYUMA KIDOGO. Tuliuita seti ya Kenya, na kwa muda mrefu niliamini huo ndio uvumbuzi wangu wa kwanza duniani.

Nieleze kidogo kwa msomaji ambaye hajawahi kushika pedi. Kila kona ina njia yake ya kupitia. Wanambio wanasema anza nje, ingia ndani, toka nje. Kona ya kulia unaianza ukiwa umejibana kushoto kabisa, unakwenda kuligusa bega la ndani upande wa kulia, kisha unaliachia gari lirudi kushoto. Kona kali inakuwa kama imenyooka, na aliyenyoosha kona anakwenda kasi zaidi. Muitaliano Piero Taruffi, injinia na dereva aliyeshinda Mille Miglia ya mwaka 1957, aliandika kitabu kizima mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950 akieleza jambo hili kwa hesabu na michoro. Miaka 40 baadaye Gran Turismo ya mwaka 1997 iliziweka hesabu za namna hiyo sebuleni: springi, shokapu, urefu wa gari kutoka chini, uwiano wa gia, vyote ukivigusa mwenyewe. Na mwaka 2005 Forza Motorsport ikaichora kabisa ile njia barabarani kwa rangi, kijani kanyaga, nyekundu kamata breki. Msomaji hana tena haja ya kusoma, anafuata tu mstari.

Kuseti gari ni kulifanya likubali njia uliyoichagua. Ukitaka kuingia kona kwa kuchelewa, ukate kwa ghafla na utoke umenyooka, unahitaji mkia unaogeuka haraka. Unasogeza nguvu ya breki nyuma kidogo, unakaza upande wa nyuma, unafupisha gia ili gari livute pale pale unapotoka. Ukitaka njia pana ya mduara mmoja usiokatika, unalitaka gari tulivu, limekaa chini, gia ndefu. Pua ikigoma kuingia, unalegeza mbele. Mkia ukitupa mno, unalegeza nyuma. Hapo ndipo zilipoishia jioni zetu nyingi, na sijutii hata moja.

Kenya ilikataa hesabu hizo. Ukiweka gari chini na gumu, jiwe moja linakurusha nje ya njia yako nzuri. Ndipo tukagundua, kwa kushindwa mara nyingi, kwamba pale huchagui njia. Njia zinachaguliwa na makorongo na mawe, na kazi ya seti ni kuliacha gari lipite popote barabara itakapolitupa. Gari la juu linalala kwenye kona na linachelewa kugeuka. Unakubali hasara hiyo ili ubaki na magurudumu manne.

Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba sikuvumbua kitu. Mbio zenyewe zilianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 zikaitwa East African Safari. Kwa kawaida zilifanyika Pasaka, mvua ikiwa imekolea, kwa umbali uliofika kilomita 5,000 hivi. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, 7 yakafika. Mwaka 1968 yakafika tena 7. Na miaka yote miwili aliyeshinda ni yule yule, Nick Nowicki, ndani ya Peugeot 404, gari ambalo wazazi wetu walilijua kama gari la abiria. Mwaka 1965 Joginder Singh na mdogo wake Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Ilibidi ifike 1972, mbio zilipoanzia Dar es Salaam, ndipo dereva kutoka ng'ambo, Hannu Mikkola wa Finland, akawashinda wenyeji kwa mara ya kwanza.

Viwanda vya Ulaya na Japani vilijifunza kuseti magari upya kwa ajili ya mbio hizi. Waliyanyanyua, wakaimarisha springi na shokapu, wakafunga bamba nene kulinda sampo, wakaweka vyuma vya kukinga wanyama mbele na, baadaye, snokeli ya kuvuta hewa juu ya paa. Mfano ninaoupenda ni Toyota Celica ya katikati ya miaka ya 1980. Ulaya ilikuwa enzi ya magari mepesi yenye nguvu za kutisha yanayovuta kwa magurudumu manne. Celica ilivuta kwa mawili ya nyuma tu, nzito, ya kizamani kidogo. Ikashinda Safari 1984, 1985 na 1986 mfululizo. Seti ya Kenya ilikuwa imeshaandikwa kabla sisi hatujazaliwa.

Lakini kuna kitu kwenye historia hiyo ambacho gemu haikukibeba, na nilikijua kwa njia mbaya.

Mjomba wangu alikuwa dereva wa lori, akibeba mpunga na mahindi kutoka Mpanda kwenda Sumbawanga na wakati mwingine Tabora, enzi ambazo safari ya Tabora kupitia Inyonga ilipangwa kwa kuangalia mawingu. Siku moja alipita kibandani kunitafuta, akasimama nyuma yangu akitazama ninavyoikata Kenya. Hakusema ni ujinga. Aliuliza tu, "Hiyo kona mbona huoni mwisho wake, unaikataje?" Nikamjibu kwamba jamaa ananisomea. Ndani ya gemu kuna sauti ya Nicky Grist, msoma ramani halisi wa McRae, anayekutajia kila kona kabla hujaifikia. Mjomba akasema, "Anakusomea kona. Lori linalokuja nani anakusomea?" Tukacheka. Alikuwa mzee wa malori, tukamuona hajaelewa.

Mwaka 2009 alininunulia uhuru, yaani aliniazima Corolla yake nimpeleke binamu yangu Sitalike, chini ya kilomita 40 kutoka mjini. Gari lilikuwa limewekewa spesa, kama magari mengi madogo ya kwetu yanayotoka Japani yakiwa yamekaa chini utadhani yanaona aibu. Nilifurahi kuiona seti ya Kenya kwenye chuma halisi. Sikujua tofauti. Spesa inanyanyua bodi, lakini haiongezi nafasi ya shokapu kucheza. Gari linakuwa refu bila kuwa laini. Linalala kwenye kona kama la kwenye gemu, ila halinyonyi shimo.

Barabara wakati huo ilikuwa ya vumbi, imejikunja kama bati. Ilikuja kona ya kulia yenye kichaka. Nikaanza nje, nikaingia ndani. Naikumbuka raha yake, nisidanganye. Gari lilikaa pale pale nilipolitaka. Ndani ya kona, upande wa kulia ambao si wangu, nikakutana na lori la tumbaku. Nikarudisha usukani kushoto kwa nguvu, spesa zikafanya ambacho lazima zingefanya, tukalalia ubavu mtaroni. Binamu alivunjika mkono mara mbili, na kiwiko chake hadi leo hakinyooki chote. Mimi nilitoka na mikwaruzo. Dereva wa lori alishuka, akatutoa, akatupa maji. Alisema maneno machache ambayo blogu hii haiwezi kuyachapa, na alikuwa na haki ya kuyasema.

Nilipokuwa nimekaa nyumbani bila kuruhusiwa kugusa gari, ndipo nilipoanza kuisoma Safari kwa makini, na nikalikuta jibu la mjomba. Mbio hizo, tangu 1953 hadi zilipoondolewa kwenye mashindano ya dunia baada ya mwaka 2002, zilikimbiwa kwenye barabara zisizofungwa. Zilikuwa na mabasi, ng'ombe, baiskeli, wanafunzi. Ndiyo maana timu kubwa za miaka ya mwisho zilirusha helikopta mbele ya magari yao, mtu wa juu akimwambia dereva kwa redio ni kitu gani kinakuja. Huyo ndiye aliyekuwa akisoma lori. Katika mashindano mengine mengi ya dunia, njia ya Taruffi ilikuwa halali kwa sababu askari na wasimamizi walikuwa wamefunga barabara. Safari haikuwa hivyo. Hata bingwa alilazimika kuacha nafasi kwenye kona kwa ajili ya mtu asiyemjua, na nafasi hiyo ililipwa kwa sekunde.

McRae mwenyewe, ambaye jina lake liko kwenye lile jalada, alishinda Safari mara tatu, 1997, 1999 na 2002. Ile ya mwisho ilikuwa na zaidi ya kilomita 1,000 za ushindani, ikawa ushindi wake wa 25 na wa mwisho katika mashindano ya dunia. Alifariki 2007 kwa ajali ya helikopta kwao Scotland. Kwa hiyo mtu aliyetupa gemu ya barabara tupu ndiye pia aliyefunga ukurasa wa barabara iliyo wazi. Sidhani kama kuna mwandishi wa riwaya angethubutu kulipanga hilo.

Safari ilirudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, makao yakiwa Naivasha, ikiwa na kilomita 320 hivi za ushindani, na barabara zikifungwa. Wengine wanalalamika kwamba si Safari tena. Ninawaelewa, lakini sijiungi nao. Nimeona kiwiko cha binamu. Ninachokiona kwangu ni kingine: gemu ndizo zilianza kuifunga barabara ile, zikabakiza vumbi, mawe na springi laini, zikaondoa watu, miaka 20 baadaye mbio halisi zikaja kufanana na gemu. Hatua za Kenya zilizomo kwenye gemu za miaka hii ni za barabara ambazo kweli ziko tupu. Kitoto chetu cha kibandani leo hakidanganywi kama tulivyodanganywa sisi. Ila kikitoka nje ya kibanda, barabara ya Sitalike bado ina malori.

Sasa Mpanda kuna lami hadi Tabora. Spesa bado zinauzwa, kwa sababu ya njia za kwenda mashambani, na mafundi bado wanazifunga bila kumwambia mteja kwamba gari lake limebadilika tabia kwenye kona.

Krismasi iliyopita nilikwenda nyumbani na kompyuta na usukani wa kuchezea. Mjomba amestaafu, goti moja halikunji vizuri. Nikamuwekea hatua ya Kenya. Kwanza alitaka kujua gari limesetiwaje, nikamsomea kutoka kaunta buku, akaitikia kwa kichwa kwamba ni sawa, ila matairi yapunguzwe upepo kidogo. Kisha akaondoka. Alikwenda taratibu, upande wa kushoto tupu, kona baada ya kona, akiwaacha wapinzani wake wa kwenye kompyuta wapate dakika nne za bure. Kwenye kona ya tatu isiyoonekana mwisho aliinua mguu, akaangalia vitufe vya usukani, akaniuliza:

"Honi iko wapi?"